Askari 167 wa Brownsville na Swali Lililoulizwa Vibaya

Askari wa Marekani anapotoka jeshini, kitu chenye uzito kuliko vyote anavyoondoka navyo ni karatasi. Karatasi hiyo hueleza ameachishwa kwa namna gani, kwa heshima au bila heshima, na maneno hayo machache humfuata maisha yake yote. Ndiyo yanayoamua kama atapata pensheni, kama atatibiwa kwa gharama ya serikali, na kama mwajiri atamkaribisha kiti au atamwonyesha mlango. Ndiyo maana wako watu waliorudi serikalini miaka na miaka kuomba hati zao zibadilishwe. Wengi huyachukulia maombi hayo kuwa maombi ya huruma: askari alikosa, siku zimepita, amejirekebisha, basi asamehewe. Naona huko ni kulishika jambo kwa upande usio wake. Anayepitia upya hati ya askari hapimi huruma wala hapimi tabia ya mwombaji kwanza; anapima kitendo cha serikali. Swali lililo mbele yake ni kama aliyemfukuza alikuwa na sababu, na kama njia aliyoipita ilikuwa ya haki. Likigeuzwa, akatakiwa aliyefukuzwa aonyeshe usafi wake, mapitio huwa ni kurudia hukumu ya kwanza kwa sauti ya upole zaidi. Kesi ya askari weusi 167 wa Rejimenti ya 25 ya Askari wa Miguu, waliofukuzwa mwaka 1906, inalionyesha jambo hili kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Ilipitiwa mara mbili bila kuwafaa wengi wao, na ya tatu ndiyo iliyowarudishia heshima, miaka 66 baadaye, bila hata chembe ya ushahidi mpya juu ya nani alifyatua risasi.

Kombania tatu za rejimenti hiyo, B, C na D, ziliwasili Fort Brown, kandokando ya mto Rio Grande katika mji wa Brownsville, Texas, tarehe 28 Julai 1906. Zilitoka Fort Niobrara, Nebraska, kuchukua nafasi ya askari weupe wa Rejimenti ya 26. Askari wa kawaida wote walikuwa weusi. Maofisa, kuanzia Meja Charles Penrose aliyewaamuru, walikuwa weupe. Mji haukuwataka na haukuficha. Baa ziliwabagua, ofisa mmoja wa forodha alimpiga askari kwa kitako cha bastola akidai hakuwapisha wanawake weupe njiani, na mwingine alisukumwa mtoni. Tarehe 12 Agosti mwanamke mweupe alisema ameshambuliwa na askari mweusi. Kesho yake meya wa mji, Frederick Combe, alimwendea Penrose kumwonya kwamba hali ni mbaya, na Penrose akaamuru askari wote warudi kambini kabla ya saa mbili usiku. Karibu na saa sita usiku huohuo risasi zikalia katika mitaa iliyopakana na ukuta wa kambi kwa muda wa kama dakika kumi. Mhudumu wa baa aitwaye Frank Natus aliuawa, na luteni wa polisi, Ignacio Dominguez, alijeruhiwa vibaya hata akakatwa mkono.

Yaliyofanyika ndani ya kambi usiku ule hayabishaniwi. Tarumbeta ilipigwa, kombania zikajipanga, majina yakaitwa, na kila mtu akaonekana yupo au akajulikana alipo. Penrose mwenyewe alidhani wao ndio walioshambuliwa kutoka nje. Kulipopambazuka bunduki zilikaguliwa zikakutwa safi, na risasi zilipohesabiwa hazikupungua. Ila asubuhi hiyohiyo yaliokotwa mitaani maganda na vishikizo vya risasi za bunduki ya Springfield ya mwaka 1903, silaha mpya ambayo askari hao walikuwa wamegawiwa miezi michache tu kabla. Hapo Penrose naye akabadili mawazo, na tangu saa ile hakuna mchunguzi wa serikali aliyeuliza kama ni askari waliofyatua. Waliuliza ni askari gani.

Meja Augustus Blocksom, aliyetumwa na jeshi, aliandika kabla ya mwezi Agosti kwisha kwamba askari ndio waliovamia mji, na kwamba wasipotajana wafukuzwe wote. Ni rahisi kusema hayo yalikuwa mawazo ya watu wa Kusini, lakini Blocksom alikuwa mtu wa Ohio, na msomaji mwangalifu asijipe jibu jepesi hapo. Kapteni William McDonald wa askari wa jimbo la Texas aliwakamata watu 12. Baraza la wazee wa mahakama la Kaunti ya Cameron, raia wa palepale ambao hawakuwa na sababu ya kuwapendelea weusi, liliutazama ushahidi likashindwa kumshtaki hata mmoja. Mwezi Oktoba akatumwa Inspekta Jenerali Ernest Garlington, huyu akiwa mzaliwa wa South Carolina, awahoji askari Fort Reno na Fort Sam Houston. Aliwapa muda: aliyejua aseme, la sivyo wote waondoke. Wakajibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawajui. Garlington aliandika kuwa askari wamefanya njama ya kunyamaza, akapendekeza hatua iliyokuwa imeshapendekezwa. Rais Theodore Roosevelt aliitia saini tarehe 5 Novemba 1906, lakini amri ikatangazwa baada ya uchaguzi wa bunge wa siku iliyofuata, uchaguzi ambao chama chake kilihitaji kura za weusi wa Kaskazini. Booker T. Washington, aliyedokezwa mapema, alimsihi asifanye haraka. Hakusikilizwa.

Amri iliwaachisha jeshi bila heshima watu 167, ikawakataza kujiandikisha tena katika jeshi la nchi kavu au la maji, na ikawafungia kazi zote za serikali. Humo alikuwamo Sajenti Mingo Sanders wa kombania B, aliyetumikia miaka 26, akapigana Kuba mwaka 1898 katika vita vilevile vilivyompa Roosevelt umaarufu, na aliyebakiza muda mfupi tu afikie pensheni. Humo alikuwamo Dorsie Willis, kijana wa miaka 20. Walikuwamo pia watu waliokuwa zamu ya ulinzi usiku ule. Na hapa pana hesabu ambayo kwa maoni yangu yatosha kuivunja amri yote: Roosevelt mwenyewe, katika ujumbe wake kwa Seneti mwezi Desemba 1906, alisema wavamizi walikuwa kati ya 9 na 15 au 20. Tuchukue idadi kubwa kabisa kati ya hizo. Kwa kauli ya mfukuzaji mwenyewe basi, watu wasiopungua 147 waliofukuzwa hawakufyatua risasi hata moja. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, ila msemo huo haujawahi kuwa kanuni ya ushahidi.

Roosevelt alikuwa na majibu, na la kwanza lilikuwa la kisheria. Alisema kuachishwa huku si adhabu. Kama lingekuwa suala la adhabu, wauaji na waasi walistahili kifo; yeye amevunja tu mkataba wa kazi na watu ambao jeshi haliwezi tena kuwaamini, na mwajiri yeyote ana haki hiyo. Hoja hii haikuwa ya kijinga. Oscar Reid, mmoja wa waliofukuzwa, alipoishtaki serikali kudai mshahara wake, mahakama ya New York mwaka 1908 ilikubali kwamba rais aweza kuukatisha utumishi wa askari apendapo, na Mahakama Kuu ya nchi mwaka uliofuata ikakataa kulipokea shauri hilo. Lakini uwezo wa kumwachisha mtu ni jambo moja, na neno unaloliandika kwenye hati yake ni jingine. Mwajiri anayevunja mkataba humlipa mtu haki yake akaachana naye. Hamwandikii barua ya kuwaonya waajiri wengine wote duniani. Kama nia ilikuwa kuvunja mkataba tu, kulikuwa na haja gani ya kuwafungia kazi za posta na forodha, ambazo hazihusiani na nidhamu ya kambi? Roosevelt mwenyewe aliliona hilo. Januari 1907 aliiondoa sehemu ile ya amri, akikiri hakuwa na mamlaka nayo. Amri ambayo mtoaji wake analazimika kuikata kipande baada ya miezi miwili haiwezi kujitetea kwamba ilikuwa utaratibu wa kawaida wa ofisi.

Mapitio ya kwanza yalifanywa na Kamati ya Seneti ya Mambo ya Kijeshi kati ya Februari 1907 na Machi 1908, kwa msukumo wa Seneta Joseph Foraker wa Ohio. Rekodi yake ina kurasa zaidi ya 3,000, nayo ingefaa isomwe na kila anayeamini kwamba ushahidi hujisemea wenyewe. Kiini chake ni yale maganda. Wataalamu wa silaha wa jeshi waliyachunguza kwa hadubini, wakilinganisha alama iliyoachwa na kinyundo cha kila bunduki, jambo lililokuwa geni kabisa wakati ule. Walikuta sehemu kubwa ya maganda yametoka katika bunduki nne, zote za kombania B. Wanasheria wa upande wa rais walidhani kesi imekwisha. Kumbe ndipo ilipoanza kuwaponyoka. Bunduki moja kati ya zile nne haikuwa mkononi mwa askari yeyote usiku wa tarehe 13: ilikuwa imefungiwa katika sanduku la silaha ghalani, na sanduku lilikuwa na kufuli. Bunduki iliyofungiwa haiwezi kupiga risasi mtaani. Inabidi basi ganda lake liwe lilifyatuliwa mahali pengine na siku nyingine, likafika mtaani kwa njia isiyo ya mtutu wa bunduki.

Foraker alikuwa na njia hiyo. Kombania zilipokuwa Nebraska zilifanya mazoezi ya shabaha kwa bunduki hizi mpya, na maganda yaliyotumika yaliwekwa katika sanduku, maana jeshi huyakusanya. Sanduku hilo lilisafirishwa pamoja na mizigo ya kombania B mpaka Texas, likakaa wazi kibarazani mwa kambi ambako mpita njia yeyote, hata mtoto, angeweza kuchota konzi moja. Maganda mengine yalikuwa na alama mbili za kinyundo, ishara kuwa risasi haikuwaka mara ya kwanza ikapigwa tena, jambo linaloingia akilini uwanja wa mazoezi na lisiloingia katika uvamizi wa dakika kumi gizani. Tena Kapteni Edgar Macklin, ofisa wa zamu, alikuwa ameyakuta baadhi ya maganda mtaani yamelala pamoja mahali padogo. Bunduki ile hulirusha ganda pembeni kila komeo livutwapo. Mtu anayetembea akipiga huacha maganda yametapakaa, hayakai kama yamemwagwa kutoka mkononi. Na mashahidi walioapa kwamba waliwaona askari weusi kwa mwanga wa risasi zao, hata wakatambua rangi ya sare? Maofisa wa jeshi walilijaribu hilo usiku wa giza, bunduki zikafyatuliwa mbele yao, wakakuta hawawezi kumtambua mtu hata kwa karibu.

Sidai kwamba haya yanathibitisha askari wote walikuwa safi. Wako watu wenye busara waliosoma kurasa zilezile wakabaki na shaka, na nadharia ya kwamba raia wa Brownsville waliushambulia mji wao wenyewe ina mashimo yake: bunduki za aina hiyo wangezitoa wapi, na ingekuwaje wasitambuliwe na majirani? Ninachodai ni kidogo kuliko hicho na ni kigumu kukipinga. Ushahidi mkuu wa serikali, maganda yale, uliacha kuwa ushahidi siku ilipojulikana kwamba bunduki moja ilikuwa chini ya kufuli. Wajumbe tisa kati ya 13 wa kamati hata hivyo walihitimisha kwamba askari ndio waliofanya. Wanne walikataa, wawili wao wakasema ushahidi hautoshi, Foraker na Morgan Bulkeley wakaenda mbali zaidi wakasema askari hawana hatia. Tazama tofauti ya maswali. Wale tisa waliuliza: kama si askari, nani? Hilo ni swali la mpelelezi. Anayepitia uamuzi wa kumfukuza mtu hana kazi ya kumpata mhalifu wa badala, na wengi walipolichukua swali hilo kuwa lao, waliwatwika askari mzigo wa kufumbua kesi ambayo serikali nzima ilikuwa imeshindwa kuifumbua.

Mapitio ya pili yalizidisha kosa hilo. Sheria ya Machi 1909 iliunda baraza la uchunguzi la majenerali watano wastaafu, chini ya Luteni Jenerali Samuel Young, liamue ni nani kati ya waliofukuzwa anafaa kuandikishwa tena. Kwa juu juu ulikuwa ushindi, kwa sababu sasa kila mtu angetazamwa peke yake. Lakini mlango ulikuwa mwembamba: askari alitakiwa aliridhishe baraza kwamba hakushiriki wala hakujua. Mtu aliyekuwa amelala kitandani saa sita usiku katika banda la watu zaidi ya hamsini atathibitishaje kwamba hakujua? Shahidi wake ni mwenzake wa kitanda cha pili, naye ni mtuhumiwa. Aprili 1910 baraza lilitoa majina 14. Halikueleza kwa nini hao 14, wala kwa nini wengine 153 hapana. Kumi na mmoja wakarudi jeshini. Sanders, pamoja na miaka yake 26 ya sifa njema, hakuwamo. Alifariki mwaka 1929 akiwa bado na hati ileile.

Ipo hoja moja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa kwa upole, kwa sababu hutolewa na watu wanaolijua jeshi. Husema hivi: kambi si mahakama. Askari hupewa silaha na taifa, na kikosi kinachomficha muuaji ndani yake ni hatari hata kama wengi wao hawakuua. Kamanda hawezi kungoja ushahidi wa kuridhisha mahakama. Lazima avunje kikosi kama hicho. Naikubali nusu ya kwanza. Kikosi kinachoficha wauaji kweli kivunjwe. Lakini hoja nzima inasimama juu ya kitu kimoja, kwamba walikuwa wanaficha, na ushahidi wa kuficha ulikuwa nini? Kwamba hawakusema. Mtu asiyejua na mtu anayeficha hutoa jibu moja, "sijui", na Garlington hakuwa na kipimo cha kuwatenganisha. Alilichukua jibu ambalo mtu asiye na hatia angelitoa, akaligeuza kuwa hatia. Zaidi ya hayo, ikiwa nidhamu ndiyo iliyovunjika, wa kwanza kuulizwa ni maofisa, maana kambi ilikuwa mikononi mwao. Penrose na Macklin waliulizwa kweli: walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakawa na mawakili, wakasikilizwa, wakaachiwa huru mwaka 1907. Kwa maofisa weupe wawili jeshi lilipata muda wa kusikiliza ushahidi. Kwa askari weusi 167 likasema haliwezi kungoja.

Aina ile ya kuachisha haikuisha na Brownsville. Mwaka 1916 jeshi liliiondoa hati ya bila heshima ya kiutawala na mahali pake likaweka hati iliyochapwa kwenye karatasi ya buluu, isiyosema heshima wala fedheha, ambayo kamanda aliweza kuitoa bila mahakama. Waajiri waliielewa mara moja. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa hati za buluu 48,603, na 10,806 kati yake zilikwenda kwa weusi: zaidi ya asilimia 22, wakati weusi walikuwa asilimia 6.5 tu ya jeshi hilo. Wengine wengi walioipata walikuwa mashoga. Gazeti la weusi la Pittsburgh Courier lilifanya kampeni dhidi yake mwaka 1945, na mwaka 1947 ikafutwa. Katikati ya hayo ndipo mapitio yalipopata makao rasmi. Sheria ya mwaka 1944 iliyowapa askari wa Vita vya Pili elimu na mikopo ya nyumba iliunda pia bodi za kupitia hati za kuachishwa, na mwaka 1946 zikaongezwa bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Wakati huo waliobaki hai wa Fort Brown walikuwa wazee waliotawanyika nchi nzima, na hati zao ziliendelea kukaa zilivyoandikwa.

Walioifufua kesi hiyo ni mwandishi John Weaver, kwa kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya mkasa huo, na Augustus Hawkins, mbunge mweusi wa Los Angeles, aliyepeleka muswada bungeni. Tarehe 28 Septemba 1972 Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu, Robert Froehlke, alitangaza kwamba hati zote zinabadilishwa kuwa za heshima. Namna alivyolifikia jambo ndiyo ninayotaka msomaji aitazame. Hakusema amempata mpiga risasi. Hakusema nadharia ya Foraker ni sahihi, wala hakukanusha kwamba huenda baadhi yao walishiriki. Alisema kuwafukuza watu kwa jumla ilikuwa adhabu ya kundi zima, na kwamba huo ni udhalimu mkubwa. Swali likawa la namna ya kufukuza, na jibu lilikuwa kwenye jalada tangu 1906, likisomeka bila hadubini.

Wapo waliosema, na hadi leo wapo wanaosema, kwamba huku ni kuipima zamani kwa kipimo cha leo. Pingamizi hili lina nguvu katika mambo mengi ya historia, lakini hapa halina pa kushika. Foraker alikuwa mtu wa 1906. Mary Church Terrell, aliyemwendea Waziri wa Vita William Howard Taft mwezi Novemba huohuo kuomba amri isimamishwe, alikuwa mtu wa 1906, na Taft aliisimamisha kwa muda mpaka Roosevelt, aliyekuwa safarini Panama, aliposhikilia iendelee. Wazee wa mahakama wa Kaunti ya Cameron walikuwa watu wa 1906, tena Texas. Kipimo kwamba mtu asihukumiwe kwa kosa la mwenzake kilikuwa kinajulikana na kilitumika kwa kila raia na, kama tulivyoona, kwa maofisa. Wengine huogopa kwamba heshima ikigawiwa kwa wote, na huenda wachache walikuwa wauaji, itashuka thamani kwa waliotumikia kwa uaminifu. Hofu hiyo naielewa, ila inaelekezwa pasipo. Aliyeishusha thamani ya hati ni yule aliyemnyang'anya Sanders na kundi la watu ambao yeye mwenyewe alikiri hawakupiga risasi. Kama ndani yake walijificha wahalifu 20, basi serikali ndiyo iliyopoteza nafasi ya kuwapata ilipochagua kutowatenga.

Froehlke aliwarudishia jina, hakuwarudishia mshahara. Wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati ya wale 153, Dorsie Willis, alikuwa amefanya kazi ya kung'arisha viatu katika jengo la benki mjini Minneapolis kwa miaka 59. Alikabidhiwa hati yake Februari 1973 kanisani, siku aliyotimiza miaka 87. Desemba mwaka huo sheria ikamtengea mwathirika aliye hai dola 25,000, na kila mjane ambaye hakuolewa tena dola 10,000. Willis aliishi mpaka 1977. Fedha hizo zikigawanywa kwa miaka aliyopoteza hazifiki dola 400 kwa mwaka, na bunge lilijua kugawanya.

Bodi zilizoundwa 1944 na 1946 zinafanya kazi mpaka leo. Askari wa zamani ana miaka 15 ya kuomba bodi ya mapitio. Baada ya hapo hubaki na bodi ya kusahihisha kumbukumbu, ambayo ina ukomo wa miaka mitatu lakini yaweza kuusamehe ikiona haki inadai hivyo. Bodi ya mapitio huuliza mambo mawili: je, kuachishwa kulifuata sheria, na je, kulikuwa kwa uadilifu. Ni maswali ya Froehlke hayo, si ya Roosevelt, na kwa hilo mfumo umepiga hatua. Ila umebaki na dhana ya zamani kwamba maofisa wa serikali walitenda sawasawa mpaka mwombaji alete ushahidi mzito wa kuonyesha vingine. Watetezi wa dhana hii husema bila yake kila jalada lingefunguliwa upya, mashahidi wakiwa wamekufa. Ni kweli pale ambapo jalada linaonyesha mtu alipewa shtaka, akajibu, akasikilizwa; hapo dhana inaegemea kitu. Mahali ambapo jalada ni amri tupu, kama ile ya Novemba 1906, dhana inaegemea hewa. Na mara nyingine jalada lenyewe halipo: moto wa Julai 1973 katika hifadhi ya kumbukumbu za watumishi huko St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Serikali ilikuwa ndiyo mtunzaji, karatasi zikaungua mikononi mwake, na mwombaji ndiye anayeulizwa ziko wapi.

Mabadiliko ya karibuni yamegusa sehemu ya tatizo. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliziagiza bodi ziwafikirie kwa ukarimu askari wa zamani ambao makosa yao yalitokana na majeraha ya akili ya vita, na mwongozo wa 2017 ukaongeza kwamba maelezo ya askari mwenyewe, bila cheti cha daktari wa wakati ule, yaweza kutosha kuonyesha kwamba alikuwa mgonjwa. Hiyo ni kuutua mzigo kutoka bega la mwombaji, na haijaangusha jeshi. Lakini mwongozo huo unahusu maradhi ya akili, majeraha ya kichwa na waliodhalilishwa kingono. Askari mwenye akili timamu na afya njema, asiye na cha kueleza isipokuwa kwamba aliondolewa pasipo kuulizwa, bado anaanzia pale alipowekwa Mingo Sanders mbele ya majenerali watano.